Binti Si wa Kushika Kalamu Tu

Kuna maneno yanayonikera kila ninapoyasikia, na leo nayasema mbele ya watu wote. Wanafunzi wa chuo, wa umeme, wa madini au wa informatika, wanapewa kazi ya pamoja, wavulana watano na binti mmoja. Kabla mashine haijawashwa, mmoja anasema: "Wewe dada, andika wewe, una mwandiko mzuri." Binti anavuta kiti pembeni na daftari lake. Wavulana wanashika bisibisi, wanashika kipima umeme, wanagombania kibodi. Kazi ikiisha, wote sita wanapata alama zilezile, lakini watano wamejifunza ufundi na mmoja amenakili waliyojifunza wenzake. Mwaka ukigeuka, wavulana haohao watasema: "Mnaona? Wanawake hawana mkono wa mashine."

Wataupata wapi huo mkono, na mashine yenyewe mmewanyima? Anayemnyima mwenzake zana, kisha akamcheka kwa kutojua kazi, amemdhulumu mara mbili.

Vijana hawa hawakuyaanzia chuoni. Samaki mkunje angali mbichi, na waliowakunja ni sisi wazazi. Kapata yetu, hapa Kolwezi, ni kambi iliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi, na ni nyumba chache ambazo hazijala mshahara wa shaba. Redio ikiharibika, nani anaitwa kushika tochi wakati baba anaifungua? Mtoto wa kiume. Dada yake yuko wapi? Amekwenda kuchota maji. Siku ya kuchagua masomo ya sekondari ikifika, kijana anaelekezwa umeme au mekanika, binti anaelekezwa ushonaji au biashara, "kwa sababu wewe utaolewa." Sidharau ushonaji, sote tumevaa nguo, na aliyezishona ni fundi wa kuheshimiwa. Ninalosema ni kwamba kuchagua na kusukumwa ni mambo mawili.

Tena tabia hii hatukuizaa sisi, tuliirithi. Katika kambi za Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, wavulana walitayarishwa kwa karakana, na wasichana wakafundishwa kupika, kufua na kushona, ili mfanyakazi apate mke wa kumtunza na kampuni ipate kazi yake. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, lakini nchi hii ilingoja hadi 1964 kumwona mwanamke wake wa kwanza mwenye shahada ya chuo kikuu, Sophie Kanza. Miaka miwili baadaye alikuwa waziri. Mbelgiji aliondoka mwaka 1960. Kampuni ikataifishwa mwaka 1967, ikaja kuitwa Gécamines. Sasa kwa nini sisi, wana wa nchi huru, tunaendelea kuwafundisha binti zetu kwa mpango wa mkoloni?

Sheria nayo imetupita mbio. Kanuni ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufunga mkataba. Sheria ya Julai 2016 imeliondoa sharti hilo. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 14, inaitaka serikali iondoe kila aina ya ubaguzi dhidi ya wanawake. Karatasi zimeamka, sisi bado tumelala.

Msinijibu kwamba Mungu ndiye aliyegawa kazi hivyo. Mnakwenda kanisani kila Jumapili. Fungueni kitabu cha Nehemia, sura ya tatu, mahali wanapotajwa waliojenga upya ukuta wa Yerusalemu. Yumo Shalumu, mkuu wa nusu ya wilaya, pamoja na binti zake. Hawakutajwa kwa kuwapikia wajenzi, walitajwa kwa kujenga. Soma pia habari za binti za Selofehadi, waliosimama mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao, naye Mungu akasema wanadai haki. Basi sisi ni nani wa kuwa wakali kuliko Mwenyezi?

Hata hivyo wapo Wakristo wa kubatizwa, wa kwaya na wa kitambaa cha shirika la kanisa, ambao bado wanaamini kwamba mwanamke akikaribia shimo la mgodi, madini yanajificha. Shaba na kobalti viliwekwa ardhini kabla ya Adamu kuumbwa. Havijui mwanaume ni nani wala mwanamke ni nani. Mwanamke anakatazwa shimo, lakini hakatazwi kuinama katika maji machafu kutwa nzima akiosha mawe yaliyotoka katika shimo hilohilo, mtoto mgongoni. Kumbe mwiko unalinda fedha, haulindi madini.

Nanyi mama zangu wa Kapata, nawasifu bila kusita. Mnaosha, mnapembua, mnauza mkaa, mnauza unga kwa kipimo, mnalipa minervali, yaani ada ya shule ya watoto, wakati baba anangoja mshahara. Mama anayetazama gunia la mawe akajua litaingiza kiasi gani, akatoa gharama ya usafiri na ya chakula, akabaki na faida kichwani bila kalamu, huyo anafanya hesabu ambayo wengi wa chuoni wanaifanya kwa mashine. Akili hiyo mmeipitisha kwa binti zenu. Kwa nini mnaiacha ioze?

Wengine watauliza: yupo mwanamke gani wa kwetu aliyefika huko? Nitawajibu kwa majina. Yupo mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, aliyesoma ISTA ya Kinshasa, chuo ndugu na ISTA yetu ya Kolwezi. Yeye ndiye aliyebuni maroboti ya kuongoza magari yaliyosimamishwa njia panda za Kinshasa mwaka 2013, yanayotumia umeme wa jua, na baadaye Lubumbashi nayo ikayapata. Madereva wasiomsikiliza polisi wakasimama mbele ya kazi ya mikono ya mwanamke.

Yupo pia Sandrine Mubenga, mzaliwa wa Kinshasa. Akiwa na miaka 17 aliugua kidole tumbo, na hospitali haikuwa na umeme wa kumpasulia. Alikaa siku tatu akingoja mafuta ya jenereta yapatikane. Aliponusurika aliamua kusomea umeme, akasoma Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, hadi udaktari. Mwaka 2020 akateuliwa kuongoza mamlaka ya kusimamia sekta ya umeme ya nchi yetu. Na alivumbua nini? Kifaa cha kusawazisha betri za lithiamu, betri hizihizi ambazo nyingi hutengenezwa kwa kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, sehemu kubwa katika mkoa wetu wa Lualaba.

Sikilizeni vizuri hapa. Betri ya gari la umeme si kitu kimoja. Ni seli nyingi zilizounganishwa, na hazilingani: moja inajaa upesi, nyingine inachelewa, nyingine inaisha mapema. Ile iliyo dhaifu ndiyo inayoweka mpaka wa zote. Ikiisha yenyewe, betri nzima imekwisha, hata kama wenzake bado wana nguvu. Kifaa cha mama huyu kinazisawazisha ili nguvu ya zote itumike. Nchi ni hivyohivyo. Ukiwaacha nusu ya watoto wake bila kujazwa elimu, nguvu ya wale waliojazwa nayo haitakufikisha mbali.

Wala msidhani kompyuta ilizaliwa mikononi mwa wanaume peke yao. Mwaka 1946 Wamarekani walipoionyesha dunia ile mashine yao kubwa ya kukokotoa, ENIAC, walioipangia kazi walikuwa wanawake sita. Hawakupewa kitabu cha maelekezo. Waliisoma mashine kwenye michoro ya nyaya zake. Siku ya sherehe majina yao hayakutajwa. Na huko Kenya, programu ya Ushahidi, iliyozaliwa wakati wa ghasia za uchaguzi mwanzoni mwa mwaka 2008, waanzilishi wake ni pamoja na Ory Okolloh na Juliana Rotich. Mwaka 2010 wanawake wa Nairobi wakaanzisha AkiraChix, kuwafundisha kompyuta wasichana wa nyumba maskini. Nairobi wameweza. Kolwezi tumepungukiwa nini?

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wahenga hawakusema hivyo kuwafurahisha watu, walisema ukweli wa kazi. Mhandisi aliyemwona mama yake akiosha mawe hadi ngozi ikachubuka hatasahau maji anapochora kiwanda. Fundi anayetembea kwa mkongojo hatajenga maabara yenye ngazi tupu. Aliyekua akisoma kwa mshumaa atauliza kwa nini laini ya umeme ya Inga-Shaba, yenye kilomita 1,700 hivi, inafika hapahapa Kolwezi, na mabwawa ya Nzilo na Nseke yako jirani, huku mitaa inakaa gizani. Mahali wanapokaa watu wa namna moja, maswali nayo huwa ya namna moja.

Ndiyo maana sitanyamaza juu ya ukabila pia. Kolwezi imejengwa na watu wa kila upande: Walunda, Wasanga na Wachokwe wa hapa, Waluba wa Katanga na wa Kasai, watu wa Maniema na wa mbali zaidi. Kiswahili chetu kilitulea katika kambi moja. Kisha ikaja miaka ya 1992 na 1993, majirani wa asili ya Kasai wakafukuzwa, familia zikalala kwenye stesheni za Kolwezi na Likasi zikingoja treni. Kati yao walikuwemo wahandisi, mafundi na walimu waliozaliwa papa hapa. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani laki nne za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka 1993 haikufika laki moja. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umebomoka mwaka 1990, na fedha za kampuni zilikuwa zimeliwa kwa miaka mingi. Kufukuza watu hakukuwa sababu pekee. Lakini mgodi uliojeruhiwa ukinyang'anywa mafundi wake utapona vipi? Na leo bado mwanafunzi anaulizwa kijiji cha babu yake kabla hajaulizwa amesoma nini! Acheni. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na kwa kuwa nimefungua kinywa, nitasema na hili la poda na bia. Mtoto akifaulu mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari au akimaliza chuo, ukoo mzima unamwagiwa poda nyeupe kichwani, vitambaa vinashonwa sare, makasha ya bia yanapangwa hadi njiani, muziki hadi asubuhi. Furaha si dhambi. Dhambi ni kwamba katika nyumba hiyohiyo kuna mdogo wake wa kike aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa minervali, na siku ya sherehe ndiye anayeosha glasi. Fedha ya bia ilipatikana, ya shule haikupatikana. Mnamsherehekea aliyefika, huku mmemkalia aliye njiani.

Liko na chukizo lingine, nalo nalisema kwa uchungu. Wako walimu, si wote, na walio waadilifu ni wengi, wanaomwekea binti alama zake mezani kisha wakataka mwili wake ndipo wazitoe. Huyo si mwalimu, ni mwizi aliyevaa koti. Binti anayekataa anarudia mwaka, watu wanasema hana akili. Wakuu wa vyuo, mnayajua haya. Kunyamaza kwenu ni kushiriki.

Basi tufanye nini? Mwalimu, katika kila kazi ya pamoja weka zamu: leo huyu anaandika, kesho anashika mashine, na alama ya kila mmoja itokane na alichofanya kwa mkono wake. Mkuu wa chuo, weka choo chenye maji na mlango wa kufungwa, na mahali pa kulalamika ambapo mlalamikaji halipiziwi kisasi. Wakuu wa makampuni ya madini, sheria ya madini ya Machi 2018 inawataka mtoe asilimia 0.3 ya mauzo yenu kwa maendeleo ya jamii zinazowazunguka. Na viongozi wa mitaa mnaokaa kwenye meza ya kuamua fedha hizo ziende wapi, dai la kwanza liwe masomo ya wahandisi, binti na mtoto wa mchimbaji wakiwa mbele ya mstari. Mkija kuchagua vijana wa staji, yaani mafunzo ya kazini, msimpeleke kijana kiwandani na binti mapokezi.

Wewe kijana wa kiume, nakupenda kama mwanangu, na kwa hiyo nakukemea. Ujuzi wa dada yako haupunguzi wako. Mpe bisibisi, nawe andika ripoti. Mwandiko wako mbaya utatengenea kwa mazoezi.

Nawe binti yangu, siku watakapokuambia una mwandiko mzuri, shukuru kwa adabu, kisha sogea kwenye mashine.

Wazazi wa Kapata, mwaka wa masomo unakuja. Aliye na mtoto anayependa hesabu na mashine, awe binti au mvulana, wa ukoo wowote, asimgeuzie njia. Mwandikisheni, mlipieni, kisha mwacheni asome.