Mke Mwema na Alale

Kwenye kicheni pati za Tukuyu, iwe Makandana, Bulyaga au Msasani, kuna usia ambao hauachwi. Zawadi zimeshapangwa, bibi harusi mtarajiwa ameinamisha kichwa ndani ya kitenge, na mama mmoja mwenye sauti iliyozoea kwaya anashika maiki: mwanangu, mke mwema hulala wa mwisho, akaamka wa kwanza. Vigelegele! Wengi wa wanaopiga vigelegele hivyo wameamka saa kumi alfajiri siku hiyohiyo, na wakirudi nyumbani usiku watakuta vyombo vinawasubiri. Wanashangilia mzigo wao wenyewe huku wakimtwisha binti mwingine.

Usia huo ni wa uongo, tena unadhuru. Nani amewahi kusimama kwenye harusi akamwambia bwana harusi kwamba mume mwema hutambulika kwa wekundu wa macho? Tunachokiita wema hapa ni kazi ya usiku isiyo na mshahara, iliyopewa jina la heshima ili anayeifanya aone haya kuilalamikia.

Tuitazame kazi yenyewe. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo ndiyo inayotupa chai, ndizi na parachichi, na ndiyo hiyo inayolowesha kuni. Kuni zilizolowa hazishiki upesi. Anayetaka uji uwe tayari saa kumi na mbili lazima awe ameinama kupuliza moto muda mrefu kabla, macho yakichuruzika kwa moshi. Ukifika Juni na Julai, maji ya kuoga ya wanafunzi nayo hayana budi kupita jikoni, maana hakuna anayemmwagia mtoto maji ya bomba kwenye baridi ile. Muuza maandazi alishaamka saa tisa kukanda unga. Mwenye ng'ombe anawahi kupeleka maziwa, mwenye mikungu ya ndizi anawahi wanunuzi wa jumla. Mwenye mgonjwa katika hospitali ya wilaya hapo Makandana ana chupa ya uji ya kufikisha asubuhi na mapema. Siku moja simama njiani utazame wanaopita na chupa na vikapu alfajiri, halafu utafute wanaume kati yao.

Hapo sijataja usiku wenyewe. Kuna mtoto anayekohoa, kuna aliyekojoa, kuna mama mkwe mzee anayetaka kusindikizwa choo cha nje, kuna bati linalovuja juu ya magunia. Baba analala fofofo. Masikio yake ni mazima kabisa. Anajua tu kwamba yupo mwenzake atakayesikia.

Ukipiga hesabu, mwanamke aliyejinyoosha saa tano usiku na kuamka saa kumi amelala saa tano, tena kama hakuamshwa katikati. Mwaka 2015 vyama viwili vya wataalamu wa usingizi vya Marekani vilikubaliana kwamba mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi kila usiku. Kwa wiki moja, mama huyo anadaiwa usiku mbili nzima.

Watetezi wa usia wana jibu: wanawake wameumbwa hivyo, wamezoea. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu wazima wenye afya njema walipunguziwa usingizi kwa siku 14 mfululizo. Waliolala saa sita au pungufu walifikia mahali umakini wao ulilingana na wa mtu aliyekesha hadi usiku mbili bila kufumba jicho. Walipoulizwa wanajisikiaje, walijiona wana nafuu kuliko vipimo vilivyoonyesha. Basi kuzoea ndiko huko: hasara inaendelea, ila mwenyewe ameacha kuihisi. Mama anayesema "mimi nimeshazoea" hajathibitisha chochote kuhusu afya yake. Na hasara hiyo inatoka naye nje ya nyumba: anaingia nayo kwenye mafuta ya moto ya maandazi, anavuka nayo barabara ya Kyela huku malori yakiteremka, na kama ni muuguzi anapima nayo dozi ya mgonjwa.

Kama ni maumbile, basi yanasema kinyume. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba uwezekano wa mwanamke kuugua tatizo la kukosa usingizi unauzidi wa mwanamume kwa asilimia 40 hivi. Mimba ikikua humnyima mama pa kugeukia, na tangu wiki ya 28 anashauriwa alale ubavu, asilale chali. Ukomo wa hedhi huja na majasho ya usiku. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kuleta miguu isiyotulia, inayowasha na kutaka kurushwarushwa kila akijilaza, na hilo linataka kipimo cha damu, halitaki maombezi peke yake. Mwili wenye mambo hayo yote ulistahili kupewa muda zaidi wa kulala. Sisi tumeupa mdogo kuliko wote nyumbani.

Mama akizidiwa hufanya nini? Huenda duka la dawa, akarudi na piritoni, dawa ya mzio ambayo usingizi wake ni athari ya pembeni tu. Au hupewa ushauri: usinywe chai jioni, zima simu, ondoa mawazo. Ushauri wa chai una ukweli, kafeini hukaa mwilini kwa saa kadhaa, ingawa kumwambia hivyo mtu anayeishi kati ya mashamba ya Katumba na Kyimbila kunahitaji ujasiri. Na kundi la VICOBA la WhatsApp linalojadili marejesho saa nne usiku lifungwe, hilo silitetei. Ila ushauri huo wote umetungwa kwa ajili ya mtu aliyelala kitandani akiusaka usingizi usiokuja. Mwanamke ninayemzungumzia usingizi unamjia hadi mezani, unamjia kanisani, unamjia kwenye daladala ya Kiwira akiwa amekumbatia kikapu. Unakuja vizuri sana. Anachokosa ni ruhusa na nafasi.

Kuhusu chumba cha kulala nina neno moja tu, na nalisema kwa ukali kwa sababu ya baridi yetu: jiko la mkaa lisiingizwe humo ili kupasha joto. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala haimwamshi mtu. Ongeza blanketi.

Najua wanakwaya watanijibu kwa Mithali 31. Vizuri, tuisome pamoja. Sura hiyo ni mafundisho ambayo mfalme Lemueli alipewa na mama yake, na kweli mwanamke anayesifiwa humo huamka kungali usiku. Lakini mstari huohuo unawataja wajakazi wake. Alikuwa na watu wa kuwagawia kazi! Mahubiri yetu yamebaki na kuamka, wajakazi yamewafuta. Na mbona hatusomi Zaburi ya 127, inayosema kwamba kuamka mapema na kukawia kulala ni kazi bure, na kwamba Mungu humpa mpenzi wake usingizi? Wamoravian walifungua misheni yao Rungwe mwaka 1891. Zaburi hiyo imekuwapo hapa muda wote huo, na kwenye kicheni pati bado sijaisikia.

Hao wajakazi leo ni akina nani? Ni binti wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini, pengine mtoto wa ndugu aliyeahidiwa cherehani. Mama mwenye uwezo kidogo hununua usingizi wake kwa kuuchukua wa binti huyo, na baba hata hajageuka upande wa pili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanyishwa kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Tungeitekeleza kwa ukali, nyumba nyingi za watu wenye heshima zao zingekosa chai ya asubuhi. Mwanamke mmoja akilala kwa sababu mwanamke mwingine mdogo yuko macho, hatujasaidia mtu.

Wengine watakimbilia mila ya Wanyakyusa. Mila ipi? Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini aliyeishi huku na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kitabu kizima, Good Company, kilichotoka mwaka 1951, kuhusu vijiji vya rika. Mvulana akikaribia miaka kumi au kumi na moja alitoka nyumbani kwa baba yake akaenda kulala kwenye kijiji cha wenzake. Chakula aliendelea kula kwa mama, na shamba la baba aliendelea kulilima. Jembe lilikuwa mikononi mwa wanaume na wana wao. Sisemi mama wa wakati ule alikuwa na raha. Kupikia mwana na marafiki zake wote si mchezo. Ninachosema ni kwamba wazee wale walikaa chini wakapanga nani alale wapi na nani afanye nini, na mpango wao hakuna anayeufuata leo. Wavulana wamerudi kulala nyumbani, majembe mengi yamehamia kwa mama zao, na kijana wa miaka kumi na saba anasubiri kutengewa maji ya moto. Katika mila yote iliyoporomoka, tumeishikilia ile inayomwamsha mwanamke, tena tukaisingizia ukongwe.

Lakini si lazima awepo mtu macho usiku? Ni lazima. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa Wahadzabe, kule upande wa Ziwa Eyasi. Watu wazima 33 walivishwa vifaa vya kupima usingizi kwa siku 20, na katika siku zote hizo dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Karibu muda wote wa usiku alikuwepo mtu aliye macho au anayesinzia kidogo, kwa kuwa vijana na wazee hawalali kwa saa zilezile. Hakuna aliyepangiwa kukesha kila siku, zamu ilijipanga yenyewe. Sisi tuna milango ya mbao na makufuli, na bado tumemweka mlinzi mmoja asiyebadilishwa tangu siku ya harusi.

Serikali inalijua jambo hili, kwa nusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuwa kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, inamlipa anayefanya kazi saa hizo nyongeza ya asilimia 5, na inakataza mjamzito kupangiwa usiku katika miezi miwili kabla ya kujifungua, vilevile mama katika miezi miwili baada yake. Muuguzi wa wodini analindwa na kifungu hicho. Akivua sare na kufika kwake, kifungu kinabaki getini. Na sheria hiyohiyo inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, baba siku 3. Siku ya nne baba ana sababu iliyopigwa muhuri: niacheni nilale, kesho kazini.

Jamii pia inajua. Mwanamke akijifungua, mama yake au shangazi hufunga safari, akapika, akafua, akambeba mtoto alfajiri ili mzazi alale. Hakuna anayemwita mzazi huyo mvivu. Arobaini ikiisha shangazi anapanda gari na kurudi kwao, na mtu yuleyule, mwenye mtoto yuleyule anayeamka mara nne, anarudishiwa usia wa kicheni pati.

Kwa hiyo anayetaka kumsaidia mke wake alale aanze jioni, tena kwa mikono. Kuni ziingie ndani mapema zikauke karibu na moto, na aziingize yeye. Sare zipigwe pasi na wenye kuzivaa. Kutoka saa tisa usiku hadi asubuhi, mtoto akilia baba ndiye anyanyuke. Kama ni wa kunyonya amlete kwa mama, akishiba amchukue, amcheulishe, ambadilishe nepi, amlaze. Maziwa hana, lakini miguu anayo. Uji wa asubuhi ni maji, unga na kukoroga.

Kinachowazuia wanaume wengi si uvivu, naamini. Wanaogopa kuambiwa kwamba wamekaliwa, wamelishwa limbwata, wamewekwa kwenye chupa. Na wa kwanza kusema hivyo mara nyingi hatakuwa jirani wa kiume baa. Atakuwa mama mkwe, aliyekuja kusalimia asubuhi akamkuta mwanawe jikoni na mkamwana angali kitandani. Mama, shikamoo yako ipo, na kiti kipo. Mkamwana amelala kwa sababu usiku alikuwa na mjukuu wako. Uji ukiuona una mabonge, mlaumu mwanao, au aliyemlea hadi akaoa bila kumfundisha kukoroga.