Toleo Jipya Lisimfukuze Bibi Jamvini

Mwezi uliopita alinijia kijana mmoja niliyepata kumfundisha Kiswahili hapa Mpanda. Baada ya shikamoo na marahaba, alifungua mkoba wake akatoa vitu vitatu: dadu yenye pande ishirini, daftari nene lililojaa mwandiko wa mkono, na karatasi moja ya tangazo. "Mwalimu," akasema, "daftari nimelimaliza. Naomba unisahihishie tangazo tu."

Daftari lilikuwa tafsiri ya sheria za msingi za Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huvaa nafsi ya mhusika wa kubuni. Mmoja wao ni mwongozaji. Yeye husimulia mahali walipo na hatari inayowakabili; wengine husema watakalotenda; na penye shaka dadu huamua. Kalamu, karatasi na dadu zipo, lakini mchezo wenyewe huishi mdomoni. Nilisoma kurasa kadhaa nikafurahi, kwani kijana ametafuta maneno kwa subira wala hakukimbilia kukopa. Kisha nikasoma tangazo. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa: "Achana na vitendawili vya bibi, mchezo wa kweli umefika Katavi!"

Niliukata mstari ule kwa kalamu nyekundu. Naandika kueleza kwa nini, maana kosa lile si la kijana peke yake. Ni kosa la kila anayeleta toleo jipya la kitu kinachopendwa.

Tuanze na neno lenyewe. Kitabu kikipigwa chapa tena bila kubadilishwa, hiyo ni chapa nyingine. Kikipitiwa, kikaongezwa na kupunguzwa, hilo ni toleo jipya. Chapa hailazimu kujitetea. Toleo jipya hulazimika, kwa sababu humwambia mwenye nakala ya zamani kwamba aliyonayo haitoshi tena. Anayeambiwa hivyo si mgeni wa kitu kile. Ni mpenzi wake wa siku nyingi. Hapo ndipo ugumu wa kutangaza ulipo.

Mchezo huu ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Ni mwaka uleule ilipoanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na mwaka uleule Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi. Tangu hapo umetolewa upya mara kadhaa. Toleo la tatu lilitoka mwaka 2000, nalo liliwaruhusu watu wengine kuandika vitabu vyao juu ya msingi wa sheria zake. Toleo la nne lilitangazwa mwaka 2007, likatoka mwaka 2008. Katika kulitangaza, wenye mchezo walizifanyia dhihaka baadhi ya sheria za toleo lililotangulia. Walidhani wanacheka kanuni. Wachezaji wakasikia wanachekwa wao, pamoja na miaka yao yote ya kukaa mezani. Wengi walikataa kuhama. Kampuni ya Paizo ikazichukua sheria zilezile zilizodharauliwa, ikawashirikisha wachezaji kuzijaribu, na mwaka 2009 ikatoa mchezo wake, Pathfinder, uliopata wafuasi wengi miongoni mwa waliokataa kuhama.

Somo lilieleweka. Mwaka 2012, kabla ya toleo la tano, rasimu za sheria ziligawiwa wazi ili yeyote azijaribu na kutoa maoni, na toleo lenyewe likaja mwaka 2014. Vitabu vya sheria vilipopitiwa tena mwaka 2024, wenyewe waliepuka hata kuliita toleo la sita. Walisisitiza kwamba visa vilivyoandikwa kwa ajili ya toleo la tano bado vitachezeka. Mtu anaweza kuuita huo ujanja wa biashara, na huenda ni kweli. Lakini hata ujanja huo ulikiri jambo moja: mpenzi wa kitu hakubali kipya mpaka ahakikishiwe kwamba alichokipenda hakikuwa upuuzi.

Sisi washairi tumelipitia hili. Kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi kuhusu sheria za kutunga mashairi, kilichotoka mwaka 1954, kilikuwa kwa wengi wetu kitabu cha sheria za mchezo: vina, mizani, vituo, utoshelevu. Kichomi kilipokuja miaka ishirini baadaye na mashairi yasiyofuata vina wala mizani, ugomvi uliwaka. Ninavyoona mimi, mashairi yale hayakuwa na kosa. Kilichochoma nyoyo ni namna baadhi ya watetezi wa pande zote mbili walivyoyanadi. Hawa wakasema arudhi ni pingu. Wale wakasema mashairi huru si mashairi. Kila upande ulitangaza bidhaa yake kwa kuichafua ya mwenzake, nasi tukapoteza miaka tukigombania mlango wa nyumba yenye vyumba vya kututosha sote.

Sasa nirudi kwenye vitendawili. Bibi yangu alikuwa Mkonongo wa Inyonga. Jioni, baada ya kula, alituita jamvini. "Kitendawili!" Tukaitikia, "Tega!" Akatega. Tukishindwa, hakutupa jibu bure. "Nipe mji," alisema. Tukamtajia: chukua Tabora. Kama hakuutaka, aliukataa, nasi tukamtafutia mwingine. Akiukubali, aliondoka papo hapo, bila kuinuka jamvini. Alikwenda Tabora, akatuambia aliowakuta sokoni, chakula alichoandaliwa, mtu aliyemkosea heshima na jinsi alivyomnyamazisha. Sisi tulimuuliza maswali, naye alijibu kama mwenye mji. Mwisho ndipo jibu lilipotoka. Ninyi wasomaji mniambie: mwongozaji yupo, wachezaji wapo, safari ya kubuni ipo, sheria zipo na gharama ya kushindwa ipo. Kimepungua nini isipokuwa dadu?

Kijana alinisikiliza kwa adabu, kisha akanijibu jambo ambalo sijaacha kulifikiria. "Mwalimu, bibi gani nimheshimu kwenye tangazo? Wenzangu hawaujui huo mji. Shuleni tulipewa orodha ya vitendawili, majibu upande wa kulia, tukakariri kwa ajili ya mtihani. Hata wewe ulitufundisha hivyo."

Ni kweli. Niliwafundisha hivyo. Nilikuwa na darasa kubwa na kipindi kifupi, na mtihani hauulizi mtu alikwenda Tabora akaona nini. Nikachukua kitendawili na jibu lake, mji nikauacha. Miaka yote ile nilidhani nafundisha kitendawili, kumbe nafundisha maganda yake.

Kwa hiyo siupingi mchezo wa kijana huyu. Nautaka, na nautaka upesi. Mwezi Januari 2023, baada ya wachezaji kuipinga vikali rasimu ya leseni mpya iliyovuja, kampuni yenye mchezo iliziweka sheria za msingi za toleo la tano chini ya leseni huria ya Creative Commons. Maana yake, yeyote anaweza kuzitafsiri, kuzibadili na hata kuziuza, almradi ataje zilikotoka. Mlango huo uko wazi kwa Kiswahili kama ulivyo wazi kwa lugha nyingine. Nakiri pia kwamba mchezo huu una vitu ambavyo jamvi la bibi halikuwa navyo. Mhusika wako huendelea kuishi kutoka jioni moja hadi nyingine, hupata majeraha, hukua. Tangazo linalosema hivyo linasema kweli, nalo halimdhalilishi mtu.

Ila tusijidanganye kuhusu tunayemuuzia. Toleo la Kiswahili likitangazwa kama kitu kigeni kabisa, litawafikia wachache wanaopenda vya kigeni, basi. Likitangazwa kama toleo jipya la mchezo tulioucheza, wapenzi wake tayari wamejaa kila kijiji, wengine wakiwa wamesahau tu kwamba ni wapenzi. Bibi aliye hai leo Mpimbwe au Inyonga anaweza kuwa mwongozaji kabla hajaiona dadu. Kumtukana mtu huyo kwenye mstari wa kwanza wa tangazo ni kumfukuza mnunuzi, mwalimu na shahidi kwa pigo moja.

Jambo la pili nililomsahihisha lilikuwa dogo kwa wino, kubwa kwa uzito. Alikuwa amechora ule mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, ambako watu bado hupeleka sadaka kwa mzimu wa Katabi, akauandika kuwa mahali pa kuibia hazina. Nilimwambia viboko waliosongamana katika madimbwi ya Katuma wakati wa kiangazi ni wake, awatumie atakavyo. Mkwaju una wenyewe. Aende kwanza kwa wazee wa Kibende, awaulize, na wakikataa akubali. Amekwenda, na jibu bado analisubiri.

Tangazo jipya tuliliandika pamoja. Linaanza hivi: "Ulipewa mji, ukarudi na habari. Safari hii tunakwenda wote." Chini yake kuna siku, mahali, na ombi kwamba kila kijana aje na mzee mmoja anayejua kutega. Mzee hatatozwa kiingilio.

Nami, kwa fidia ya vipindi nilivyoviharibu, nimeongeza ubeti mmoja nyuma ya karatasi:

Mgeni yu mlangoni, kaja na wake mtaji,
Mketisheni jamvini, mpeni kata ya maji,
Bibi asitoke ndani, ndiye wetu msemaji,
Tukishindwa mchezoni, tutampa yeye mji.