UGOMVI WA JIKONI

Kijana unayefanya kazi hotelini, leo nasema nawe. Weita anamlaumu mpishi kwa oda iliyochelewa, mpishi anamlaumu weita kwa kuiandika vibaya, mteja anachoka na kuondoka bila kulipa, na mwisho wa mwezi pesa hiyo inakatwa kwa mshahara wako. Unatafuta kazi kwingine. Halafu watu wanasema vijana wa siku hizi hawadumu kazini.

Mimi sikubali kwamba shida ni uvivu tu. Soma Matendo 6. Kanisa la kwanza liligombana juu ya chakula: wajane wa Wayahudi wasemao Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwanyamazisha walalamikaji. Waliita watu wote, wakachaguliwa saba wenye sifa njema waliojaa Roho. Stefano, shahidi mkuu wa imani, alianzia kwenye huduma ya mezani.

Mwajiri uliyeokoka, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7. Usimnyime haki yake, kisha umdai uaminifu.

Nawe kijana, usilipize kisasi kwa kuchelewesha oda ya mwenzako. Shifti ikiisha, mwendee mkiwa wawili, mseme yaishe, kabla hujampelekea meneja. Ukikatwa pesa isiyo haki, uliza kwa heshima, lakini uliza.

Mtumie weita unayemjua ujumbe huu.