Dini Haivuliwi Mlangoni mwa Afisi

Upo usemi unaopendwa sana na baadhi ya watumishi wa umma: dini ni yangu na Mola wangu, na kazi ni kazi. Kwa sura yake ya nje usemi huu hauna ubaya. Dola yetu haina dini, na mwananchi aliyekwenda kutafuta cheti cha kuzaliwa au dawa hospitalini hapaswi kuulizwa anasali wapi. Lakini wapo wanaoutumia kwa makusudi mengine. Wanataka Mungu wao abaki msikitini siku ya Ijumaa, au kanisani siku ya Jumapili, asije akawakuta Jumatatu asubuhi na mafaili ya watu mbele yao.

Tumechagua kulizungumza jambo hili kwa mfano wa Mkristo, ingawa wengi wetu katika visiwa hivi ni Waislamu. Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kuingia skuli ya serikali tulifunzwa tangu wadogo kwamba kila mtu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichochungishwa. Wenzetu Wakristo nao wana mafunzo ya namna hiyo. Yule mtumwa aliyepewa talanta akaifukia ardhini hakusifiwa kwa kuirudisha salama. Tena Mtaguso wa Pili wa Vatikani, wa mwaka 1962 hadi 1965, uliwaeleza walei wa Kanisa Katoliki kwamba wito wao umo katika shughuli za dunia: nyumbani, kazini na katika siasa. Kwa maana hiyo amana ya Mungu haikukabidhiwa mapadri peke yao.

Mtu tunayemkusudia ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Baba yake, Mtemi Burito wa Wazanaki, hakuwa Mkristo. Yeye mwenyewe alibatizwa Desemba 1943, akiwa kijana wa miaka 21 mwenye akili zake timamu, na kwa hiyo dini yake ilikuwa ya kuchagua. Alisomesha Tabora, akaenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi 1952 na kusomesha Pugu. Mwaka 1953 alifunga ndoa na Mama Maria. Mwaka 1955, baada ya TANU kuundwa, ilimlazimu achague baina ya ualimu na siasa, akauacha mshahara. Mwenye familia changa anajua uzito wa hatua hiyo. Jina la Mwalimu hakuliacha, hata alipofika Ikulu.

Katika yote aliyoyatenda akiwa mtawala, lipo moja ambalo halitajwi vya kutosha hapa visiwani. Wakati wa ukoloni sehemu kubwa ya skuli nzuri za Tanganyika zilikuwa mikononi mwa misheni. Wazazi wengi wa Kiislamu walichelea kuwapeleka watoto wao huko wasije wakabatizwa, na matokeo yake yalionekana katika afisi za serikali miaka mingi baadaye. Kwa sheria ya elimu ya mwaka 1969 serikali yake ilizichukua skuli hizo ziwe za watoto wote bila ya kuulizana dini. Zilizochukuliwa ni pamoja na zile alizosomesha yeye mwenyewe. Mtakatifu Maria ya Tabora ikawa Milambo. Mtakatifu Fransisko ya Pugu ikawa Pugu Sekondari. Mkatoliki huyu, aliyekuwa akihudhuria misa kwa bidii, aliona kwamba kulitumikia Kanisa lake na kulipendelea ni mambo mawili mbalimbali. Mtumishi wa leo anayempa ajira jamaa wa msikiti wake au wa parokia yake, kisha akadhani amefanya thawabu, na aitazame hesabu hiyo.

Hatusemi haya ili kumfanya malaika. Katika operesheni ya vijiji, hasa kati ya 1973 na 1976, watu walihamishwa kwa nguvu na nyumba nyingine zikatiwa moto. Wapo Waislamu ambao hadi leo wanalalamikia kupigwa marufuku kwa jumuiya yao ya Afrika Mashariki mwaka 1968. Malalamiko hayo yana wenyewe na yanastahili kusikilizwa. Nia njema haimwondolei mtawala jukumu la kuulizwa, na kwa hakika mwenye kuamini kwamba kazi yake ni amana ya Mungu ndiye wa kwanza kutarajia swali hilo.

Lakini katika mali alijianza mwenyewe. Mwaka 1966 alikata mshahara wake kwa asilimia 20. Februari 1967 Azimio la Arusha likamkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni, au nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa Februari 1991 na Halmashauri Kuu ya Taifa ya Chama, katika kikao kilichofanyika hapa hapa Zanzibar. Wako wanaosema kwamba hali ya uchumi ilidai hivyo, na hoja yao ina uzito wake. Hata hivyo, tangu siku hiyo kilichokuwa kikizuiwa na sharti kimeachiwa dhamiri ya mtu, na kama dhamiri hiyo tumeivua mlangoni mwa afisi pamoja na kanzu au rozari, hakuna kilichobaki cha kumzuia. Kiongozi wa umma leo hujaza fomu ya kutaja mali yake. Kuijaza kwa ukweli ni ibada. Kuandikisha shamba kwa jina la shemeji ni uwongo uleule unaokatazwa juu ya mimbari na juu ya altare, iwe altare hiyo iko Mkunazini au Minara Miwili.

Limebaki jambo la kustaafu. Tunawaona baadhi ya wakubwa wetu ambao siku ya kurudisha gari la serikali huwa kama siku ya kufiwa. Hawajui tena wafanye nini, kwani walidhani wito wao ni kile kiti. Mwalimu alikabidhi urais mwaka 1985 kwa Mzee Ali Hassan Mwinyi, Muislamu aliyetoka katika uongozi wa visiwa hivi, akarudi Butiama kulima. Aliongoza Tume ya Kusini, akasuluhisha Warundi mpaka ugonjwa ulipomzidi, na akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilianza safari ya kuomba atangazwe mwenye heri. Hilo ni la Kanisa, na hatuna la kuongeza.

Lililo letu ni hili. Katika uzee wake alizitia Injili nne na Matendo ya Mitume katika utenzi wa Kiswahili. Bahari hiyo ya shairi ilikuzwa na masheikh wa Pate, Lamu na mwambao huu, wakiandika kwa harufu za Kiarabu na kuanza kwa bismillahi. Mkristo wa Uzanaki alipotaka kuieleza imani yake kwa ukamilifu aliazima chombo cha Waislamu, na hakuona haya. Vitabu hivyo vilichapwa mwaka 1996. Tunaziomba skuli za Unguja na Pemba zivitafute, zikaviweke katika maktaba zao, rafu moja na tenzi za wazee wetu.