Kivinjari cha zamani ni mali chakavu, kifutwe vitabuni

Mfanyabiashara wa Ipagala anayeuza mali au huduma kwa ofisi za serikali anajua kwamba zabuni siku hizi haipelekwi kwa bahasha. Tangu mfumo wa NeST ulipochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023, mlango wa zabuni ni kivinjari cha intaneti. Ritani ya VAT, ambayo mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, nayo hupita mlango huo huo. Kivinjari kikigoma jioni ya siku ya mwisho, anayepata hasara ni mwenye biashara, wala si fundi wa kompyuta.

Hata hivyo, bado wapo wengi wanaoamini kwamba mashine ya zamani isiyoguswa ndiyo ya kutegemewa. Mteja huelekezwa kwenye kompyuta ya kona ya steshenari, yenye Windows 7 na kivinjari kilichozuiwa kisijisasishe, kwa hoja kwamba hiyo "inafungua kila kitu". Kwa maoni ya safu hii, hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani, na leo inawagharimu watu fedha.

Tuseme kwanza kwa nini ilikuwa na nguvu. Netscape Navigator 2.0 ya mwaka 1996 ilileta plagini, yaani programu ndogo ya kampuni nyingine inayopachikwa ndani ya kivinjari ili kifanye kazi ambacho chenyewe hakiwezi. Flash ilionyesha picha na fomu, Java ilibeba huduma za benki na sahihi, Adobe Reader ilifungua PDF, na Microsoft ikaleta ActiveX yake ndani ya Internet Explorer. Ukihamia toleo jipya, plagini iliweza kugoma. Aliyebaki na toleo la zamani aliendelea na kazi, na mwenzake akaita fundi.

Milango hiyo ikafungwa mmoja mmoja. Chrome iliondoa plagini za muundo wa Netscape Septemba 2015, na Firefox ikafuata Machi 2017, ikibakiza Flash peke yake. Adobe iliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 ikazuia isicheze kabisa. Internet Explorer 11 ilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022. Hakuna aliyeshtukizwa: kifo cha Flash kilitangazwa Julai 2017, miaka mitatu na nusu kabla.

Pamoja na tangazo hilo, mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini, SARS, iliingia Januari 2021 ikiwa na fomu za kodi ambazo bado zilihitaji Flash. Ikalazimika kutoa kivinjari chake yenyewe, cha kompyuta za Windows tu, ili walipa kodi waweze kujaza fomu hizo. Ofisi kubwa yenye bajeti iliweza kujitengenezea njia ya pembeni. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi hana uwezo huo.

Kati ya toleo la zamani na jipya, siku hizi mizani imegeuka. Tangu mwaka 2020 vivinjari vikubwa vilianza kukataa usimbaji wa zamani wa TLS 1.0 na 1.1, na tovuti nyingi nazo zikaacha kuupokea. Kivinjari kikongwe kikikutana na tovuti ya leo huonyesha ukurasa mweupe au onyo la usalama, na mteja hudhani mtandao ni mbovu. Chrome 109 ya Januari 2023 ndiyo ya mwisho kwa Windows 7. Mashine iliyokwama hapo hairekebishiki kwa kubofya, na anayeingiza humo nywila ya akaunti yake ya benki au ya uwekezaji anajihatarisha bila sababu.

Kivinjari kipya nacho hugoma, lakini mara nyingi kwa sababu ndogo. Kwanza tazama saa na tarehe ya kompyuta. Betri ndogo ya ndani ikifa, umeme ukikatika mashine hurudi miaka ya nyuma, na kila tovuti huonekana kuwa na cheti kibovu. Ukurasa wa malipo usipofunguka, angalia kama madirisha ibukizi yamezuiwa, kwa kuwa ankara yenye namba ya kumbukumbu ya malipo inaweza kufunguka katika dirisha jipya. Kisha jaribu dirisha la faragha, ambamo viendelezi kwa kawaida huwa vimezimwa. Kazi ikienda humo, mkosaji ni kiendelezi au kumbukumbu za muda za tovuti hiyo. Zima viendelezi kimoja kimoja. Kama ulichokitegemea kimetoweka, usilaumu fundi: kati ya mwaka 2024 na 2025 Chrome ilizima viendelezi vya muundo wa zamani. Fomu ya PDF inayokuomba usubiri bila mwisho ipakue, kisha uifungue kwa Adobe Reader nje ya kivinjari. Na ukurasa wowote unaokutaka leo usakinishe Flash, ufunge. Huo ni wa matapeli.

Ikiwa ofisi fulani bado inadai Internet Explorer, Edge ina hali maalumu ya kuiga kivinjari hicho, na Microsoft imeahidi kuihudumia angalau hadi mwaka 2029. Itumie, lakini wakati huo huo iandikie ofisi hiyo na uulize itahama lini. Mlipa ada ana haki ya kupewa tarehe.

Wahasibu wetu wanalifahamu jambo hili kwa upande mwingine. Sheria ya kodi ya mapato inaweka kompyuta katika kundi la uchakavu wa asilimia 37.5 kwa mwaka juu ya salio linalopungua. Mashine ya shilingi 1,000,000 hubaki 625,000 baada ya mwaka mmoja, na baada ya miaka mitano haifiki 96,000. Watu wanalikubali hilo kwa chuma, halafu wanaikataza programu iliyo ndani yake isizeeke.

Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Anayenunua kompyuta ya mtumba na akatajiwa bei ya siku za nyuma aulize kwanza kama mashine hiyo inapokea Windows 11. Ikiwa haipokei, bei ishuke.