Taa ya gari ikifa leo usilale nayo: badilisha globu mwenyewe



Wengi mmezoea kunisoma hapa nikiandika habari za kantangaze, mbolea na bei za sokoni. Leo naomba nitoke shambani kidogo, ila sitakwenda mbali. Nataka tuzungumze kuhusu gari linalobeba mazao yako, na hasa taa zake za mbele.

Msimu mmoja wa nyanya nilikuwa natoka Ilula kurudi Iringa mjini, saa moja jioni, giza limeanza kushika. Mbele yangu nikaona taa moja inakuja, iko kwenye ukingo wa upande wao. Nikajua ni bodaboda. Nikasogea kidogo katikati ya barabara bila wasiwasi. Mara ile "bodaboda" ikawa pikapu iliyojaa matenga ya nyanya. Taa yake ya kulia, ile ya upande wa katikati ya barabara, ilikuwa imekufa. Nikarudi kushoto kwa nguvu, na hapo ndipo nilipomwona baba mmoja anasukuma baiskeli yenye mzigo wa kuni. Akaiachia baiskeli, akarukia mtaroni.

Namshukuru Mungu, hakuna aliyeumia. Dereva wa pikapu naye alisimama. Kumbe ni mkulima ninayemtembelea. Nikaanza kumfokea. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole: "Samahani bwana shamba, lakini na yako ya kushoto haiwaki."

Alikuwa anasema kweli. Taa yangu ya kushoto, inayomulika ukingo wa barabara wanakopita watu, ilikuwa na wiki mbili haiwaki. Nilikuwa nangoja siku nitakayopata nafasi ya kwenda kwa fundi. Ndiyo maana sikumwona yule baba mapema. Tukaweka magari yetu mawili sambamba ili tupate taa mbili za kumsaidia kuokota kuni zake.

Kesho yake asubuhi niliibadilisha ile globu mwenyewe, nyumbani. Kazi niliyoiahirisha wiki mbili ilichukua dakika ishirini.

Hoja yangu

Naomba nisema wazi ninachoamini. Taa nyingi zilizokufa kwenye magari yetu hazijafa kwa sababu hatuna pesa. Globu ya kawaida ya halojeni ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa dukani. Zimebaki hivyo kwa sababu tumejiaminisha kuwa ni kazi ya fundi, na fundi yuko mjini, na mjini tutakwenda wiki ijayo. Wakati huo anayebeba hatari ni anayetembea kwa miguu, mama anayerudi gulioni, mtoto anayeswaga mbuzi.

Bomba lako la kupulizia dawa nozeli ikiziba, hulibebi kwenda kwa fundi. Unaifungua, unaisafisha au unaweka nyingine, unaendelea na kazi. Kwa nini globu ya gari iwe tofauti?

Nazijua hoja za wanaopinga. Wa kwanza atasema, "Mimi sitembei usiku." Hakuna anayepanga kutembea usiku. Pancha moja, foleni moja ya mizani, au mnunuzi aliyechelewa kufika shambani, tayari giza limekukuta njiani. Na huku kwetu Nyanda za Juu Kusini kuna ukungu wa Mufindi na Njombe ambao haujali kama ni asubuhi.

Wa pili atasema, "Taa moja inatosha." Fanya hesabu. Gari likienda kilomita 60 kwa saa linapita karibu mita 17 kila sekunde. Ukihesabu moja, mbili, umeshapita zaidi ya mita 30. Kwenye umbali huo unatakiwa uone, uamue na ukanyage breki. Mwenye taa mbili zinazofanya kazi anapata tabu. Wewe mwenye moja unabahatisha.

Wa tatu atasema, "Fundi naye ale." Sawa kabisa, na ale. Lakini fundi wa umeme wa magari hategemei globu kuishi. Ana jenereta, starta na nyaya za kutosha. Mpelekee hizo.

Kabla hujanunua

Hakikisha kwanza kuwa tatizo ni globu. Kama taa zote mbili zimezimika kwa pamoja, anza kukagua fyuzi, relei na swichi, maana si kawaida globu mbili kufa dakika moja. Kama ni taa moja tu, hamisha globu ya upande mzima uiweke upande uliokufa. Ikiwaka, tatizo ni globu. Isipowaka, angalia fyuzi ya upande huo, kwa sababu magari mengi yana fyuzi ya kila taa. Angalia pia plagi kama ina kutu au imeungua.

Pikapu na magari madogo mengi ya zamani yanatumia globu iitwayo H4. Ina miguu mitatu na nyuzi mbili ndani: mmoja wa dimu, mmoja wa fuli. Ndiyo maana unaweza kukuta dimu haiwaki lakini fuli inawaka. Uzi mmoja umekatika, na globu nzima lazima ibadilishwe. Magari mengine yanatumia H7, ambayo ina uzi mmoja. Usikisie. Chukua globu ya zamani uende nayo dukani, usome maandishi kwenye kitako chake. H4 ya gari dogo imeandikwa 12V 60/55W. Malori mengi yanatumia volti 24, kwa hiyo globu ya lori usiweke kwenye pikapu, wala ya pikapu usiweke kwenye lori.

Nunua mbili. Globu ya upande wa pili imefanya kazi saa zilezile na iliyokufa, na zamu yake inakaribia. Hiyo ya ziada iache kwenye boksi lake ndani ya gari.

Namna ya kubadilisha

Zima injini, zima taa, chomoa ufunguo. Kama taa zilikuwa zinawaka, subiri robo saa, kwa sababu globu ya halojeni hupata moto wa kuunguza ngozi.

Fungua boneti, uende nyuma ya taa. Utaona plagi imeingia kwenye miguu ya globu. Ichomoe kwa kushika plagi yenyewe, usivute nyaya. Ikiwa ngumu, itikise kushoto na kulia huku unaivuta taratibu. Kisha vua mpira unaofunika nyuma ya taa. Kabla ya kuuvua, angalia upande gani uko juu, maana utaurudisha vilevile.

Chini ya mpira kuna klipu ya waya inayoshikilia globu. Ibonyeze kwa ndani, isogeze pembeni, itaachia. Toa globu ya zamani kwa kuivuta moja kwa moja.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo wengi wanapoharibu. Globu mpya usiishike kioo. Ishike kwenye kitako cha chuma. Mafuta ya vidole vyako yakibaki kwenye kioo, joto litayachoma, sehemu hiyo ya kioo itapata moto kuliko nyingine, na globu itakufa mapema au itapasuka. Ukigusa kwa bahati mbaya, futa kwa kitambaa safi chenye spiriti, uache ikauke.

Kitako cha H4 kina masikio matatu, na kinaingia kwa namna moja tu. Kikikataa usilazimishe, kizungushe mpaka kikae. Rudisha klipu. Rudisha mpira na uhakikishe umebana pande zote, kwa sababu huo ndio unaozuia vumbi na maji. Barabara zetu unazijua. Mpira ukikaa vibaya, baada ya msimu mmoja kioo cha ndani cha taa kimejaa vumbi na mwanga umefifia. Malizia na plagi.

Washa. Jaribu dimu, jaribu fuli. Kisha simamisha gari kwenye sehemu tambarare, mita tano hivi kutoka ukutani, uwashe dimu. Mwanga wa taa zote mbili ukomee kwenye kimo kimoja. Mmoja ukipanda juu kuliko mwingine, mara nyingi globu haijakaa vizuri, kwa hiyo rudi uiweke upya. Ikibaki hivyo hivyo, taa yenyewe inahitaji kurekebishwa.

Usitibu chongo kwa kupofusha wengine

Hapa najua nitapata wapinzani, lakini nitasema. Ukifika dukani utaambiwa uchukue globu ya wati 100, au ya LED inayotoa mwanga mweupe kama mchana. Mimi nakushauri ukatae.

Globu ya wati 100 inavuta umeme karibu mara mbili ya ile ya wati 55. Nyaya na plagi za gari lako hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Zitapata moto, plagi itayeyuka, na siku moja utatafuta chanzo cha moshi chini ya boneti.

LED nayo ina tatizo lake. Kioo cha ndani ya taa ya halojeni kimetengenezwa kufuata mahali uzi ulipo. Ndani ya H4, chini ya uzi wa dimu, kuna kikombe kidogo cha bati kinachozuia mwanga usipande juu. Ukiweka LED ambayo chanzo chake cha mwanga hakikai mahali palepale, mwanga unatawanyika. Wewe ukiwa ndani ya gari unafurahi kuona kweupe. Anayekuja mbele yako haoni kitu, na yule anayetembea pembeni yake haonekani tena. Umejiongezea kuona kwa kumnyang'anya mwenzako macho.

Kama mwanga wako ni hafifu ingawa globu ni mpya, angalia kioo cha nje cha taa. Magari mengi yana kioo cha plastiki ambacho jua hukifanya kiwe cha njano. Kikisuguliwa na kung'arishwa vizuri, utashangaa.

Pa kuishia

Kumshauri mtu ajitegemee si kumwambia aguse kila kitu. Kama gari lako lina taa za zenoni, usiingize mkono. Mfumo wake huwasha taa kwa maelfu ya volti. Hiyo ni kazi ya fundi. Vilevile kuna magari ambayo huifikii globu mpaka ufungue bampa. Kama huna vifaa wala uzoefu, mpelekee fundi, lakini mpelekee leo. Kikizuia njia ni betri tu, unaweza kuitoa. Anza kufungua tenimo ya hasi, na wakati wa kurudisha ifunge ya mwisho.

Ninachokuomba ni kimoja. Leo jioni kabla hujaingia ndani kula, geuzia gari lako ukutani, washa taa, shuka uangalie. Huhitaji fundi wala pesa kwa kuangalia. Ukikuta moja haiwaki, kesho asubuhi pitia dukani kabla ya kupakia mzigo. Na ukikutana na jirani mwenye gari chongo, usiishie kumcheka. Mwambie kwa upole, kama nilivyoambiwa mimi. Ukiweza, msaidie kuibadilisha.

Yule baba wa kuni bado anapita barabara ile jioni. Mimi nikimwona sasa, namwona mapema.