Kazi Isiyo na Mwenyewe

Urasimu haukai mezani. Hukaa kati ya meza na meza. Maombi ya maji ya mwananchi wa Goba huanzia DAWASA. Lakini bomba likibidi kukatiza barabara, kibali ni cha TANROADS au TARURA, kutegemea barabara yenyewe. Kila ofisi hulinda kipande chake. Safari nzima, tangu fomu hadi maji kutoka, ni ya nani? Pasipo jibu, mwombaji hugeuka tarishi asiye na mshahara.

Wapo wanaodai dawa ni kuunda taasisi upya. Mara ngapi? Mwaka 2005 mkataba wa City Water ulivunjwa, DAWASCO ikashika kazi. Mwaka 2018 DAWASCO ikaunganishwa na DAWASA. TARURA nayo ilianzishwa 2017. Vibao vya milangoni vilibadilika, swali likabaki.

Wakuu wa ofisi hizo waketi, wakubaliane kwa maandishi ni mtumishi wa cheo gani atakayewajibika kwa ombi zima, hata likiwa meza ya jirani. Watasitasita, kwani mwenye kazi akijulikana, mzembe hana pa kujificha. Na cheo hicho kibandikwe kwenye dirisha la kupokelea maombi.